Nguvu Zile Zilikuwa Wapi?

Mhadhara kuhusu akili, mwili na uchovu



Naomba tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu amelishuhudia, awe alikimbia au alikaa chini ya mwembe akitazama. Ni siku ya michezo shuleni. Mbio ni za mita elfu tatu, mizunguko saba na nusu. Kijana mmoja alianza vizuri, lakini kufika mzunguko wa tano amekwisha pwaya: mabega yamekakamaa, mdomo wazi, miguu anaikokota. Ukimsimamisha ukamuuliza, atakuapia kwamba hana kitu tena. Na hasemi uongo. Kisha kengele inalia, umebaki mzunguko mmoja. Mama yake, aliyekuwa ameketi na wenzake, ananyanyuka na kumwita kwa jina. Yuleyule aliyekuwa akikokota miguu anachomoka. Anawapita wawili, anamkaribia wa tatu, anavuka mstari na kujitupa kwenye nyasi.

Swali langu la leo ni hili: nguvu zile zilikuwa wapi?

Kama misuli ilikuwa imeishiwa kweli, isingeweza kukimbia zaidi kwa sababu kengele imelia. Kengele haina wanga wala oksijeni, na sauti ya mama haiongezi damu mwilini. Na kama misuli ilikuwa haijaishiwa, basi kile alichokisikia yule kijana mwili mzima, hata akawa tayari kuapa, kilikuwa nini?

Waliotutangulia hawakuwa na maabara, lakini wametuachia lugha. Mtu akikata tamaa tunasema amekufa moyo, ingawa moyo wake unadunda vizuri kifuani. Akijikaza tunasema amepiga moyo konde. Moyo wa Kiswahili una mambo mengi kuliko damu: humo mna nia, mna ujasiri, na mna hesabu ya kama jambo linastahili taabu yake. Nataka kuwaonyesha jinsi sayansi ya miaka mia na ushei ilivyozunguka na kufika karibu na hapo. Nataka pia kuonyesha mahali ambapo lugha hiyohiyo, tukiitumia bila uangalifu, inaweza kuua mtu.

Mwili kama injini

Jibu la zamani linasema mwili ni injini. Una mafuta, una hewa, una taka zinazotoka. Mafuta yakiisha, hewa isipotosha au taka zikijaa, injini inazimika, na huko ndiko kuchoka. Aliyelipa jibu hili heshima kubwa ni Mwingereza Archibald Vivian Hill, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi yake juu ya misuli. Katika miaka ya 1920 Hill na wenzake walipima pumzi za watu wanaokimbia. Waliona kwamba kila mtu ana kiwango cha juu cha oksijeni anachoweza kutumia, na kwamba kazi ikizidi hapo asidi ya laktiki hujikusanya mwilini. Vizazi vya walimu wa michezo vimelelewa na fundisho hilo.

Silikani. Mwili una mipaka ya kweli. Mkimbiaji wa marathoni asiyekula vizuri njiani, akikaribia kilomita ya 30, sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini huwa imepungua sana. Miguu inakuwa magogo, na maneno matamu hayawezi kuijaza tena. Anayelima juani bila maji, damu yake hupungua ujazo, moyo huenda mbio, joto la mwili hupanda, na likipita nyuzi 40 maisha yako hatarini. Mwenye upungufu wa damu hana cha kutosha cha kubebea oksijeni. Haya hayabishaniwi.

Kinachobishaniwa ni kama mipaka hiyo ndiyo inayotusimamisha siku zote. Hata Hill mwenyewe aliona kuna kitu kingine. Mwaka 1924 yeye na wenzake walidokeza kwamba huenda mwili una kitu kinachouzuia moyo usijiumize wakati wa kazi nzito, wakakiita gavana. Madereva wa matatu Kenya wanalijua neno hilo: ni spidi gavana, kile ambacho Tanzania tunakiita kidhibiti mwendo. Injini inaweza kwenda kilomita 120 kwa saa, lakini kifaa kinaizuia kwenye 80. Abiria aliyekaa nyuma anaweza kudhani gari limefika mwisho wa uwezo wake. Wazo hilo la Hill lilitajwa, kisha likaachwa vitabuni kwa karibu miaka 70.

Nyufa katika jibu la zamani

Ufa wa kwanza ulionekana hata kabla ya Hill. Huko Turin, Italia, mwanafiziolojia Angelo Mosso alitengeneza kifaa cha kupima uchovu wa kidole kimoja: mtu anainua uzito mdogo kwa kidole, tena na tena, mpaka kidole kigome. Mwaka 1891 alichapisha kitabu kizima kuhusu uchovu. Mosso aliwapima maprofesa wenzake kabla na baada ya kufundisha na kusahihisha mitihani ya mdomo. Kidole kilikuwa hakijafanya kazi yoyote. Kilichofanya kazi ni kichwa. Hata hivyo, baada ya saa nyingi za mitihani, kidole kilichoka mapema kuliko asubuhi.

Zaidi ya miaka mia baadaye, Mwitalia mwingine, Samuele Marcora, akifanya kazi Wales, alirudia swali hilo kwa miguu badala ya kidole. Watu 16 walikuja maabara mara mbili. Siku moja walikaa dakika 90 mbele ya kompyuta wakifanya zoezi linalodai umakini bila kupumzika. Siku nyingine walitazama filamu tulivu kwa muda uleule. Kisha kila mara walipanda baiskeli ya mazoezi na kuendesha kwa nguvu iliyopangwa mpaka washindwe. Baada ya filamu walistahimili kwa wastani sekunde 754. Baada ya kazi ya akili, sekunde 640. Karibu dakika mbili zimeyeyuka, na moyo, mapafu na damu yao havikuonyesha tofauti ya kueleza hasara hiyo. Kilichobadilika ni kwamba tangu mwanzo kazi ileile waliihisi nzito zaidi. Walifika kwenye "sitaki tena" mapema kwa sababu walianza safari wakiwa tayari wako karibu nayo.

Ufa wa pili unapitia mdomoni. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Birmingham, waendesha baiskeli tisa walipewa jaribio la kasi la kama saa moja. Kila baada ya kipande cha safari walisukutua kinywaji kisha wakakitema. Siku moja kilikuwa maji matupu. Siku nyingine kilikuwa maji yenye wanga usio na utamu. Hakuna kilichomezwa. Siku ya wanga walimaliza kwa wastani wa dakika 59.57, na siku ya maji dakika 61.37. Watafiti haohao walipoingiza sukari moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, haikuwasaidia. Sukari ikiwa ndani ya damu, tayari kutumika, haikuongeza kasi. Wanga uliopita mdomoni tu ukaongeza. Picha za ubongo zilizopigwa baadaye na watafiti wa hapohapo zilionyesha kwamba mdomo una namna ya kuutambua wanga hata usipokuwa mtamu, na habari hiyo hufika kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na malipo na hamu. Ni kama mjumbe aliyewahi kufika mjini kabla ya msafara: chakula kinakuja, fungueni ghala.

Ufa wa tatu ni wa wacheza raga kumi. Mwaka 2010 Marcora na mwenzake Walter Staiano waliwapandisha kwenye baiskeli na kuwataka wadumishe wati 242 mpaka washindwe kabisa. Baada ya kama dakika kumi walishindwa. Sekunde chache tu baada ya kushindwa, bila kupumzika, wakaambiwa: sasa kanyageni kwa nguvu zenu zote kwa sekunde tano. Wakatoa wastani wa wati 731, mara tatu ya kile walichokuwa wametoka kusema hawakiwezi. Wapo wataalamu wanaosema mkurupuko wa sekunde tano hutumia akiba tofauti na kazi ya dakika kumi, na hoja hiyo ina uzito. Lakini hakuna anayeweza kusema tena kwamba misuli ile ilikuwa imekufa. Yule kijana wetu wa mita elfu tatu anao wenzake maabara.

Ubongo unapopiga hesabu

Basi kuna nini hapo kati ya misuli na nia? Majibu makubwa ni mawili, na wenye nayo bado wanabishana.

La kwanza ni la Tim Noakes wa Chuo Kikuu cha Cape Town, daktari aliyekimbia mbio ndefu miaka mingi. Kuanzia miaka ya 1990 alilifufua gavana la Hill na kulihamishia kichwani. Kwa maelezo yake, ubongo hupokea taarifa za joto, akiba ya sukari, hewa na umbali uliobaki, kisha unapunguza idadi ya nyuzi za misuli zinazoitwa kazini, ili mwili usifike kwenye madhara. Uchovu ni hisia ambayo ubongo unaitengeneza ili kutufanya tutii. Ushahidi wake anaoupenda ni ule wa kengele: yeye na wenzake walizichambua rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000, wakaona kwamba kwa kawaida kilomita ya mwisho huwa miongoni mwa zilizokimbiwa kwa kasi zaidi. Kama uchovu ungekuwa injini inayoishiwa mafuta, kilomita ya mwisho ingekuwa ya polepole kuliko zote. Mwisho ukionekana, hakuna tena sababu ya kuweka akiba.

La pili ni la Marcora. Yeye anaona hakuna haja ya gavana aliyejificha. Anasema mtu huacha pale ugumu anaouhisi unapozidi ule anaokubali kuubeba kwa ajili ya lengo lake. Kila kinachoongeza ugumu unaohisiwa, kama usingizi mchache au akili iliyochoka, hupunguza ustahimilivu. Kila kinachoupunguza, au kinacholipandisha thamani lengo, huuongeza. Ndiyo maana kahawa husaidia: kafeini huziba mahali ambapo adenosini, kemikali ya uchovu, ingeshika kwenye ubongo, na kazi ileile inahisiwa nyepesi.

Mimi si mwamuzi wa mabingwa hawa. Ninachokiona ni kwamba wanakutana mahali pamoja, na hapo ndipo ninapotaka kusimama. Uchovu ni makadirio. Ubongo unapima hali ya mwili, unakumbuka safari zilizopita, unatazama umbali uliobaki, unauliza jambo hili lina maana gani na nani yuko pamoja nami, kisha unatoa jibu, na jibu hilo tunalisikia miguuni. Maumivu ya yule kijana yalikuwa ya kweli. Hesabu iliyoyaleta ilikuwa na nafasi ya kufanywa upya, na kengele na sauti ya mama zilikuwa tarakimu mpya.

Kwa hiyo naufananisha uchovu na mshauri. Ana taarifa nyingi, ana tahadhari, na aghalabu huzungumza mapema kuliko inavyolazimu kwa sababu kazi yake ni kutulinda. Mshauri wa namna hiyo unamsikiliza, unamhoji, wakati mwingine unaamua tofauti na ushauri wake. Kumfukuza barazani ni jambo jingine.

Mshauri akinyamazishwa

Nini hutokea akinyamazishwa? Mwaka 2009 mtafiti Markus Amann na wenzake waliwachoma waendesha baiskeli dawa ya fentanili kwenye sehemu ya chini ya uti wa mgongo, ili habari kutoka kwenye misuli ya miguu zisipande kwenda kwenye ubongo. Miguu ilibaki na nguvu zake. Kilichokatwa ni malalamiko yake. Mtu angetarajia wavunje rekodi. Kweli walianza kwa kasi kuliko kawaida, miguu bila kero. Lakini walishindwa kupanga mwendo, wakapungua kadiri safari ilivyoendelea, na muda wao wa mwisho haukuwa bora hata kidogo. Misuli yao ilikuwa imechakaa kupita kiasi. Wapo walioshindwa kushuka kwenye baiskeli bila kushikwa, au kutembea.

Maabara ilikuwa na madaktari. Barabarani hakuna. Tarehe 13 Julai 1967, katika mashindano ya Tour de France, Mwingereza Tom Simpson alikuwa akipanda mlima Mont Ventoux katika joto kali. Alikuwa na miaka 29 na alikuwa amewahi kuwa bingwa wa dunia. Alianguka, akasaidiwa kupanda tena, akaendelea kidogo, akaanguka mara ya pili na hakuamka. Uchunguzi ulikuta amfetamini mwilini mwake. Dawa hiyo haiongezi maji mwilini wala haipunguzi joto. Inachofanya ni kumziba mdomo mshauri. Mwili wa Simpson ulikuwa ukiungua na hapakuwa na sauti ya kumwambia.

Hapa ndipo ninapoogopa lugha yetu. "Jikaze!" ni neno zuri likisemwa na kocha anayemjua mchezaji wake, ambaye ameona maji yamenywewa na jua limepungua. Neno hilohilo likipigwa kelele saa saba mchana kwa mtoto anayepepesuka, aliyeacha kutoka jasho, anayeongea asichoulizwa, ni neno la hatari. Mtoto huyo anahitaji kivuli, maji baridi mwilini na hospitali. Moyo wake hauna kosa.

Barabara moja, watu wawili

Sasa naomba niwapeleke Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Marathoni ya Olimpiki ilikuwa na wakimbiaji 75. Wengi wetu tunajua habari ya Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu. Aliangushwa katika msongamano wa wakimbiaji, goti likateguka na kuchanika, bega likaumia. Alifungwa bandeji, akasimama, akaendelea. Mwethiopia Mamo Wolde alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza likiingia, watazamaji wengi wamekwisha ondoka, akichechemea na bandeji ikining'inia. Muda wake ulikuwa saa 3:25:27, na alikuwa wa 57, wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii: nchi yake haikumtuma mbali kote kule aanze mbio, ilimtuma azimalize.

Habari hiyo huwa tunaisimulia na kuishia hapo. Leo nataka tuongeze mtu wa pili. Kwenye barabara ileile, siku ileile, alikuwepo Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1960, aliyekimbia Roma bila viatu, na wa mwaka 1964 huko Tokyo. Alikuja Mexico na mguu ulioumia. Kabla ya kufika nusu ya safari, aliacha. Mtu jasiri kuliko wote waliokuwa barabarani siku ile, mwenye dhahabu mbili, alisikia alichoambiwa na mfupa wake akasimama.

Je, Bikila alikuwa na moyo mdogo kuliko Akhwari? Nani atathubutu kusema hivyo? Watu wawili walisikia mshauri akizungumza kwa sauti kubwa. Mmoja alipiga hesabu akaona goti linauma lakini linabeba, na lengo lake lilikuwa kufika, kwa hiyo akapunguza mwendo mpaka ule ambao mwili ungeukubali. Tutazame vizuri: Akhwari hakukimbia kama kwamba hakuumia. Alitembea alipolazimika kutembea. Alijadiliana na maumivu kwa zaidi ya nusu ya safari. Mwingine aliona hesabu haikubali, akaacha, na mwenzake wa Ethiopia akaibeba bendera. Wote wawili walimsikiliza mshauri na kuamua wenyewe. Na mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari alikuwa wa tano katika marathoni. Mguu ulikuwa umepona.

Kuufundisha moyo

Makocha na wanafunzi watauliza: hesabu hii inaweza kufundishwa? Inaweza, na njia zake nyingi hazihitaji fedha.

Ya kwanza ni mazoezi yenyewe. Tunadhani mazoezi hujenga misuli na mapafu tu, kumbe yanajenga kumbukumbu pia. Mtu aliyewahi kufika kilomita ya 35 akiwa amechoka na asife, ubongo wake una ushahidi. Juma Ikangaa, Mtanzania aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 na aliyekuwa wa pili Boston mara tatu mfululizo, alisema nia ya kushinda si kitu bila nia ya kujiandaa. Nia ya siku ya mbio huchota kwenye akiba iliyowekwa asubuhi nyingi ambazo hakuna aliyekuwa akipiga makofi.

Ya pili ni kuigawa safari. Waongozaji wa Kilimanjaro hawamwambii mgeni atazame kilele cha mita 5,895. Wanamwambia polepole, atazame visigino vya aliye mbele. Hesabu ya ubongo hutisha mwisho ukiwa mbali, na hutulia mwisho ukiwa karibu. Basi ulete mwisho karibu: mpaka mti ule, kisha mpaka kona ile.

Ya tatu ni maneno tunayojiambia. Mwaka 2014 watafiti wa Wales waliwafundisha watu kwa wiki mbili kuchagua maneno yao ya kujitia moyo na kuyatumia katikati ya kazi ngumu. Muda wao wa kustahimili kwenye baiskeli uliongezeka kutoka wastani wa sekunde 637 hadi 750. Wenzao ambao hawakufundishwa walibaki palepale. Maneno waliyachagua wenyewe, wakayafanyia mazoezi. Ukiyaokota siku ya mashindano hayatakuwa yako.

Ya nne ni wenzako. Mwaka 2010, Oxford, wapiga makasia walipofanya mazoezi kwa pamoja, kwa mpigo mmoja, baadaye walistahimili maumivu kuliko walipofanya kazi ileile kila mmoja peke yake. Watu wa pwani hawakusubiri utafiti huo. Mabaharia walikuwa na nyimbo zao za kimai, wakulima walikuwa na wawe, na wafanyakazi wa sulubu walikuwa na hodiya. Wapagazi waliobeba pembe na mizigo kati ya bara na Bagamoyo, mwendo wa miezi, walitembea kwa nyimbo. Mizigo haikupungua hata ratili moja kwa wimbo. Kilichopungua ni ule uzito ambao mtu anauhisi akiwa peke yake nao.

Ya tano ni kupumzika, na hapa nawaangalia wazazi. Tumeona dakika 90 za kazi ya akili zinavyokata ustahimilivu wa mtu mzima. Mtoto aliyelala saa tano, akaingia darasani alfajiri, akafanya mitihani ya majaribio mpaka jioni, akitufikia kiwanjani akiwa mzito, miguu yake haijamsaliti. Ametumia akiba ileile mahali pengine.

Deni letu

Nilipokuwa shule ya msingi tulikuwa na mwenzetu wa kike aliyekuwa akichoka haraka. Mwalimu mmoja alikuwa akimwita mvivu mbele yetu na kumwongezea mzunguko wa uwanja kila alipobaki nyuma. Sisi tulicheka. Baadaye tulijua alikuwa na selimundu, ugonjwa ambao kazi nzito na upungufu wa maji vinaweza kuuamsha ukawa maumivu yasiyosemeka. Uchovu wake ulikuwa unasema kweli kila siku, na shule nzima ilimwita mwongo. Nimekuwa mtu mzima na kicheko kile bado kinanichoma.

Nimemkumbuka kwa sababu anayesikia kwamba uchovu hutengenezwa na ubongo anaweza kukimbilia kusema: kumbe ni mawazo tu. Hapana. Ubongo ni sehemu ya mwili. Unapopambana na malaria, kinga ya mwili hutuma habari kichwani, na kichwa kinaleta uchovu mzito ili ulale, nguvu ziende kwenye vita. Mwenye upungufu wa damu, mama aliyejifungua asiyelala, kijana mwenye sonona, wote wana hesabu ambayo mtu wa nje haoni tarakimu zake. Kumwita mtu mvivu ni kudai kwamba umeziona.

Na ikiwa uchovu ni hesabu inayoangalia lengo, umbali na wenzako, basi sisi tulio juu ya wengine tunadaiwa. Mwajiri anayewataka watu wabebe magunia tangu asubuhi bila kuwaambia kazi itakwisha saa ngapi, amewanyima kengele. Mwalimu anayemwambia mtoto asome bila kumwambia kwa nini, amemnyima lengo. Anayemwacha mgonjwa auguze uchovu wake peke yake, amemnyima sauti. Hivi ni vitu tunavyoweza kuvitoa kesho asubuhi.

Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu aliingia uwanjani katika marathoni ya mashindano ya dunia, nyuma kidogo ya Mjerumani Amanal Petros. Walikuwa wamekimbia kwa zaidi ya saa mbili. Katika mita za mwisho Simbu alichomoka, na baada ya kilomita 42 na mita 195 tofauti yao ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde. Wote waliandikiwa 2:09:48, na dhahabu ikaja Tanzania. Miaka minane kabla, katika mashindano hayohayo huko London, Simbu alikuwa wa tatu.

Nguvu zile zilikuwa wapi? Zilikuwa mwilini mwake tangu mwanzo, zimewekwa na mshauri mwangalifu aliyezilinda mpaka mwisho ulipoonekana. Funguo za ghala zilikuwa zimefuliwa kwa miaka, asubuhi moja baada ya nyingine. Na yule kijana wa mita elfu tatu hana hata hiyo miaka bado. Ana kengele, na ana mama aliyesimama kumwita.

Siku ya michezo ikija, tusimameni.